Mchezaji wa Sita

Zulia la jimnastiki ya mahadhi ni la mita 13 kwa 13, na kundi linaloingia humo ni la wasichana watano. Watazamaji huwaona watano, majaji huwapa alama watano, na siku ikiwa njema medali huvishwa watano. Hata hivyo mimi, niliyekulia ndani ya mchezo huu nchini Urusi, sijapata kumwona kocha anayefundisha watano tu. Lazima awepo wa sita, na ikiwezekana wa saba, anayefanya mazoezi pembeni mwa zulia, karibu na ukuta, akirusha kitu hewani kuelekea mahali ambapo hapana mtu wa kukidaka. Kwa sehemu kubwa ya ujana wangu, huyo wa sita nilikuwa mimi. Nataka kuieleza kazi hiyo kwa sababu naiheshimu, na kwa sababu anayetaka kujua kundi la jimnastiki ni kitu gani hatalijua kwa kuwatazama watano waliokwisha kuzoeana. Atalijua siku mmoja anapotoka na mwingine anaingia.

Baba yangu ni mtu wa Tanga. Alikwenda Voronezh kusomea udaktari, akaoa huko, akabaki. Mama ni mwenyeji wa mji huo. Kiswahili nilikipata mezani kwa baba na kwenye simu kwa shangazi zangu, na shangazi hao ndio walionilazimisha kuueleza mchezo wangu kwa maneno ya kawaida. Kila nikimaliza shikamoo, swali lilikuwa lile lile: "Marahaba mwanangu, hivi huko unacheza nini hasa?"

Tunacheza na vitu, nilikuwa nikiwajibu. Kuna pete ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 80 hadi 90, kuna mpira wa gramu 400, kuna jozi ya virungu vyenye gramu 150 kila kimoja, na kuna utepe wa mita 6 uliofungwa kwenye kijiti. Mchezaji wa peke yake hucheza kwa dakika moja na nusu hivi. Kundi hucheza kuanzia dakika mbili na robo hadi mbili na nusu. Kila msimu kundi huandaa programu mbili, moja ya vifaa vya aina moja kwa wote, na nyingine ya mchanganyiko. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 zilikuwa tepe tano, kisha pete mbili na jozi tatu za virungu. Tokyo ikawa mipira mitano, kisha pete tatu na jozi mbili za virungu. Vifaa hubadilishwa kila baada ya muda, na vikibadilishwa karibu kila kitu kinaanza upya.

Nilianza nikiwa na miaka mitano, na kwa Urusi huo si umri wa ajabu. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenipeleka kwa basi hadi shule ya michezo ya serikali. Mazoezi huanzia kwenye bomba la ukutani, kwa hatua zile zile za baleti, kila siku, hata ukiwa na cheo gani. Baada ya hapo ni kunyoosha mwili. Msamba wa kawaida sakafuni hautoshi; unaweka mguu mmoja juu ya kiti na unashuka hadi nyonga ziguse chini, mwalimu akihesabu polepole kuliko saa. Inauma, na mtoto asiambiwe kwamba haiumi. Aambiwe ukweli, na apewe ruhusa ya kusema basi.

Kwenye miaka kumi au kumi na moja hivi makocha huanza kutenganisha. Wengine wanabaki kucheza peke yao, wengine wanapelekwa kwenye kundi. Hutazamwa urefu, mstari wa miguu, na tabia. Kuna watu wengi, hata wazazi wa wachezaji, wanaodhani kundi ni mahali pa walioshindwa kung'ara wenyewe. Nalikataa wazo hilo kwa moyo wote. Makundi yaliingia Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, Uhispania ikachukua dhahabu na Urusi ikapata shaba. Tangu Sydney mwaka 2000 Urusi ikashinda Olimpiki tano mfululizo, Athens, Beijing, London, hadi Rio, mpaka Bulgaria ilipoikatisha Tokyo. Ushindi wa namna hiyo haujengwi na mabaki. Hujengwa na watu walioamua kwamba kundi ni ufundi wake wenyewe.

Ufundi huo ni huu. Mchezaji wa peke yake anaporusha mpira anamrushia mtu anayemfahamu kuliko wote, yaani yeye mwenyewe. Anajua bega lake lilivyochoka leo. Anajua amerusha kwa hofu au kwa utulivu, na miguu yake inajirekebisha kabla akili haijajua. Katika kundi, kitu kinachokujia kimetoka kwenye mkono wa mwingine. Wewe wakati huo unabiringika, au umegeuka, macho hayakioni, na unatakiwa kuinuka mahali ambapo kitashuka. Aliyerusha naye hakukurushia wewe. Amerusha mahali palipo patupu, akiamini kwamba baada ya hesabu nne utakuwa pale. Zidisha hilo kwa watano, kwa virungu vinavyozunguka hewani na pete zinazoyumba, na ujue kwamba kitu kikianguka kundi hukatwa kuanzia nusu pointi hadi pointi nzima kutegemea kimekimbilia umbali gani. Katika fainali zenye ushindani, hiyo nusu pointi inaweza kuamua nani apande jukwaani na nani abaki chini.

Sasa mfikirie wa sita. Kila mmoja wa wale watano ana njia yake moja ya kupita juu ya zulia. Wa sita ana njia tano. Nilikuwa na daftari la mistari ya mraba, la hesabu, na kalamu za rangi: nyekundu kwa wa kwanza, kijani kwa wa pili, hivyo hivyo hadi wa tano. Kila ukurasa ulikuwa hesabu nane za muziki. Nikifika nyumbani nilizitembea njia hizo ukumbini mwa ghorofa letu, mikono mitupu, nikihesabu kwa sauti ya chini ili majirani wasilalamike. Baba alikuwa akipita na chai yake ananiuliza, "Leo wewe ni nani?" Nikimjibu "wa tatu" anazunguka kwa upande wa kushoto, maana alikwisha kujua wa tatu huingilia kulia.

Kuzijua njia si kazi kubwa sana. Mtoto yeyote mwenye kumbukumbu nzuri anaweza. Kazi iko kwenye mikono ya watu. Wa kwanza wetu alirusha kirungu juu mno, kikiwa na mzunguko mmoja zaidi ya kilivyoandikwa, hivyo shingo ya kirungu ilifika mkononi kwa kuchelewa. Wa pili alirusha chini na kwa haraka, na mpira wake ulikuja na mzunguko wa ndani uliotaka kukimbia kifuani. Wa nne alikuwa na mrusho safi kuliko wote, lakini akiwa amechoka ulipungua nusu hatua, na hilo hutokea mwishoni mwa programu, palepale penye mabadilishano magumu. Hakuna anayeandika mambo haya kwenye karatasi ya majaji. Yanaishi ndani ya watu watano waliozoeana, nao wenyewe hawajui kwamba wanayajua. Wa sita lazima ayajue kwa makusudi, mmoja mmoja, kwa sababu siku akiitwa hatakuwa na mwezi wa kuzoea.

Na akiingia, si yeye peke yake anayebadilika. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike. Mimi nilikuwa mrefu kidogo kuliko wa nne, na hatua yangu ilifika mapema. Kwa hiyo aliyezoea kumrushia wa nne alilazimika kurusha fupi. Aliyekuwa akipita nyuma yake alilazimika kupanua duara lake ili nisimkanyage. Wale wengine wawili walilazimika kusubiri pumzi moja kabla ya kuinua mguu, ili sote tuonekane tumeinua pamoja. Kubadili mmoja ni kubadili watano. Kundi dhaifu linapopata mtu mpya linamwachia yeye mzigo wote: jitahidi utufikie. Kundi zuri linasogea lote, kila mmoja kwa inchi moja, mpaka pengo halionekani.

Siku mojawapo, katika mashindano ya kanda, wa pili wetu aliteguka kifundo cha mguu wakati wa kupasha mwili moto. Kocha hakusema hotuba. Alinitazama tu, akasema nafasi, nami nikaenda kuvaa. Tulipata muda wa kupitia mabadilishano matatu pembeni, si zaidi. Nakumbuka kwamba hakuna aliyeniuliza kama naweza. Wa kwanza aliniambia, "Nitakushushia chini leo," basi, na akafanya hivyo: kirungu chake ambacho kwa miaka kilikuja juu mno kilinijia kwa urefu wa kitabuni, kama alivyofundishwa tangu utoto, kwa sababu alijua sijapata kudaka cha kwake mbele ya watu. Tulimaliza bila kuangusha kitu. Yule aliyeumia alikaa na barafu mguuni, na mikono yake ilikuwa ikicheza programu nzima mapajani.

Mwaka wa Olimpiki ya Rio nilikuwa bado mdogo, lakini shuleni kwetu hakuna aliyekosa kutazama. Kundi la Urusi lilikuwa na Anastasia Bliznyuk, Anastasia Maksimova, Anastasia Tatareva, Maria Tolkacheva na Vera Biryukova. Biryukova aliingia kundini mwaka uleule wa Olimpiki, wenzake wakiwa wamekwisha kucheza pamoja. Watangazaji walizungumza sana juu ya akina Anastasia watatu, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa Vera. Katika mchujo Uhispania iliongoza. Katika fainali Urusi ilipata 36.233 na dhahabu. Nilipotazama tena na tena miaka ya baadaye, tayari nikiwa wa sita mwenyewe, niliona alichofanya Vera, na zaidi niliona walichofanya wale wanne: jinsi walivyomfanyia nafasi. London miaka minne kabla yake kila kundi liliorodhesha wachezaji sita, na makocha waliweza kupanga watano kati yao. Rio walikuwa watano kamili. Ukiletwa katika watano hao umeletwa bila wa kukusaidia nyuma yako.

Kuhusu mavazi nitasema kidogo. Kanuni inataka nguo za kundi zifanane kwa kitambaa, mshono na rangi. Nguo nyingi za mashindano huwa na wavu mwembamba mikononi na kifuani, wa rangi inayoitwa ya mwili, na mwili unaokusudiwa si wangu. Fundi wetu, mama mtu mzima asiyependa maneno, alijaribu kwanza kuuchovya wavu wa nguo yangu kwenye chai ya rangi iliyokolea. Ilikubali, ila sasa nguo moja kati ya sita ikawa tofauti. Akafikiri siku mbili, kisha akashona zote upya kwa mikono ya kitambaa kizito chekundu hadi kwenye vifundo vya mikono, bila wavu hata kidogo. Mama zetu walikaa jioni nyingi wakibandika vijiwe vya kumeremeta, kimoja kimoja. Sijasahau kwamba mtu alipopata njia mbili, ya kunibadilisha mimi na ya kubadilisha nguo za wote, alichagua ya pili.

Si kila mtu katika mchezo huu ana busara ya fundi yule. Lazima niseme juu ya mizani. Katika kumbi nyingi nilizopita, wasichana walio katika umri wa kukua hupimwa uzito kila asubuhi, na pengine jioni tena, mbele ya wenzao. Gramu mia tatu zikiongezeka, maneno hufuata. Nimewaona watoto wanaokunywa maji kwa kificho, kama wezi. Nimewaona wanaofika miaka kumi na sita, umri wa kuingia daraja la wakubwa, wakiwa hawajapata hedhi, na mifupa yao ya mgongo imeanza kupata nyufa. Anayekunja mgongo kwa nyuma mara mamia kwa siku anahitaji chakula kuliko mtoto mwingine, wala si pungufu. Makocha wanaosema utepe hauwezi kucheza vizuri mikononi mwa msichana aliyekula wanasema uongo, na naona haya kwamba sauti zao bado zinasikilizwa. Medali za nchi yangu hazikuletwa na njaa. Zililetwa na walimu wa baleti, wapiga piano, shule zilizokuwa wazi kwa watoto wa kila mtaa, na maelfu ya saa za kurusha na kudaka. Njaa ilikuja juu ya hayo na kuwapunguza watu.

Ndiyo maana kazi zetu ni fupi. Bliznyuk ni wa kipekee kwa kushinda dhahabu London na Rio, kisha fedha Tokyo, miaka tisa baada ya ile ya kwanza. Wengi wetu tunaingia kundi la wakubwa tukiwa na miaka kumi na sita na tunatoka kabla ya ishirini na mbili. Mimi nilitoka nikiwa na kumi na tisa, kwa mgongo.

Lakini kabla ya mgongo kulikuwa na kitu kingine, na siwezi kukiruka. Tarehe 24 Februari 2022 jeshi la Urusi liliivamia Ukraine. Siku chache baadaye shirikisho la kimataifa la jimnastiki lilitangaza kwamba kuanzia tarehe 7 Machi wachezaji wa Urusi na Belarus hawataruhusiwa kwenye mashindano yake. Tulikuwa mazoezini habari ilipofika. Wengine walilia, wengine walikasirika. Ninachokumbuka mimi ni kwamba Bliznyuk, ambaye picha yake ilikuwa ukutani kwetu, alizaliwa Zaporizhzhia, na wiki ile Zaporizhzhia ilikuwa kwenye taarifa za habari kwa makombora. Walikuwepo wasichana wa Ukraine tuliokuwa tumezoea kuwatazama na kuwaiga, wenye shule ya Kyiv inayoheshimiwa duniani kote, ambao sasa walikuwa wakilala kwenye vyumba vya chini ya ardhi au wakivuka mpaka na begi la mazoezi. Kwangu mimi kufungiwa mashindano kulikuwa jambo dogo mbele ya hilo, na niliwaambia wenzangu hivyo, na si wote walionielewa.

Kwa makundi mlango ulifungwa zaidi kuliko kwa wengine. Kanuni za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kwa Paris 2024 ziliacha nafasi kwa mtu mmoja mmoja asiye na bendera, lakini si kwa timu. Kundi haliwezi kujitenga na nchi yake likaja mmoja mmoja. Dhahabu ya Paris ilikwenda China, kwa mara ya kwanza katika historia ya makundi, na nilifurahi kweli kuwaona, kwa jinsi pete zao zilivyoshuka mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Sasa nafundisha Dubai. Mji huu umejaa vilabu vya jimnastiki ya mahadhi, na makocha wengi wanatoka kwetu au nchi za jirani. Watoto wanatoka kila mahali: Kazakhstan, India, Misri, Lebanon, na mmoja wazazi wake ni Wazanzibari, ambaye tunasalimiana kwa Kiswahili na wenzake wanatushangaa. Ukumbi una kiyoyozi kikali, na kiyoyozi ni adui wa utepe. Upepo wake unaukunja mkia juu ya kichwa cha mtoto na kutengeneza fundo. Tunaupiga pasi utepe kabla ya mazoezi, na tunawafundisha kusoma upepo unatoka upande gani kabla ya kuchagua pa kusimama.

Kundi langu lina wasichana saba. Tangu mwanzo niliweka sharti: kila mmoja, hata yule bora, atakuwa wa sita kwa sehemu ya msimu. Kila Jumatano tunavuruga nafasi. Anayekaa nje ana daftari na kalamu za rangi, na baada ya programu yeye ndiye anayezungumza kwanza, kabla yangu. Kocha anatazama kutoka mbele, upande wa majaji, anaona picha. Aliyekwisha kusimama katika nafasi zote anaweza kumwambia wa tatu kwa nini anagongana na wa tano: si kwamba umechelewa, ni kwamba unamsubiri kwa macho. Mambo kama hayo mimi kutoka kwenye kiti changu siyaoni.

Hapa, tofauti na Voronezh, wazazi wanalipa ada, na ada si ndogo. Mwezi huu mmoja wa walio nje ni msichana mwenye mruko mzuri kuliko wote. Mama yake alinijia, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza kama analipa ili mwanawe asimame ukutani. Nilimweleza karibu yote niliyoandika hapa. Nilimwonyesha daftari la binti yake, kurasa za kijani na za njano, na maelezo aliyoandika kuhusu mrusho wa kila mwenzake, mengine ni makali na ya kweli kuliko yangu. Mama alilisoma kwa muda mrefu. Kisha akasema bado angependa kumwona mwanawe kwenye zulia katika mashindano yajayo, na mimi nikamwambia nitaamua wiki ya mwisho, kwa kutazama kundi lote. Hajaridhika. Tumekubaliana kuzungumza tena Jumatano.